Matundu ya Pini

Droo ya meza ya chakula ilivutwa, ikasukumwa. Ikavutwa tena. Jerioth alifumbua macho gizani, na kabla hajapapasa simu kuangalia saa akajua kwamba Bi Odessa ameamka na kuna kitu anakitafuta.

Alijifunga leso juu ya gauni la kulalia, akatoka. Taa ya chumba cha kulia ilikuwa inawaka. Bi Odessa alisimama pale miguu mitupu, mwembamba, mrefu, miaka themanini na mitano, mkono mmoja umeshikilia mgongo wa kiti. Mbele yake faili la buluu lilikuwa wazi.

"Karatasi zangu ziko wapi?"

"Ndizo hizo, Bi Odessa. Nilizipanga jana ulipojilaza mchana. Za kuzaliwa mbele, za ndoa katikati, za vifo nyuma. Nimezipiga na pasi, zilikuwa zimekunjamana sana."

"Umezipiga pasi."

"Pasi ya vuguvugu tu. Niliweka kitambaa juu."

Bi Odessa alifunua ukurasa mmoja wa plastiki, kisha wa pili, kwa ncha ya kidole, kama mtu anayejaribu sufuria ya moto. "Na pini zangu?"

"Zile za kutu?" Sauti ya Jerioth ilikuwa imeanza kupungua. "Nilizichomoa nikazitupa. Zilikuwa zinakula karatasi."

Mama mzee akavuta kiti, akaketi. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Saa sita mchana," alisema, "nitakaa mbele ya wale watu kule Houston waniulize huyu ni mtoto wa nani na yule ni mtoto wa nani. Kichwa changu kinavuja, na wewe unajua kuliko mtu yeyote. Niliyatoa yote kichwani nikayaweka kwenye pini. Sasa umenichomolea."

Jerioth alilifunga faili, akalikumbatia juu ya leso yake.

Miaka ishirini na sita alikuwa karani wa kanisa kule Nyeri. Kitabu cha ubatizo, kitabu cha ndoa, kitabu cha mazishi: kila kitu na mahali pake, na hakuna karatasi iliyowahi kupotea mkononi mwake. Alipokuja Texas kwa binti yake akapata kazi ya kutunza wazee, wakala akampeleka hapa Cedar Hill, karibu na Dallas, kwa Bi Odessa, na mwaka mzima sasa wawili hao walikuwa wakila meza moja na kubishana juu ya chumvi. Jumatatu mchana aliona sanduku la kofia lililojaa karatasi zilizobanwa ovyo kwa pini za cherehani, akamwonea huruma. Hakutaka mama huyu aende mbele ya maofisa na takataka. Alifanya kile ambacho karani mzuri angefanya.

Lakini Bi Odessa hakuwa karani. Alikuwa fundi wa nguo. Alishona magauni ya harusi ya mabinti wa mtaa wa Oak Cliff mpaka vidole vikakataa, na kwa miaka thelathini, kila alipopata nafasi, alizunguka mahakama na makanisa ya Texas na Louisiana akikusanya karatasi za watu wake. Kila aliyoipata aliibana kwa pini kama anavyobana mkono wa gauni kwenye kiwiliwili chake: mtoto kwa mama yake, mama kwa mama yake, kurudi nyuma hadi kwa Absalom Tull na mkewe Clothilde. Hao wawili walizaliwa utumwani. Walipopata uhuru walinunua kishamba nje ya Houston, na humo wakazikwa.

Mafuriko ya Agosti iliyopita yalipopita, kampuni moja ilinunua ardhi yote ya kuzunguka kile kishamba ijenge maghala. Ikasema makaburi yale hayana mwenyewe, ikaomba ruhusa ya kuhamisha mifupa. Wenye mamlaka wakatangaza: anayesema ni wa ukoo ule alete karatasi, kizazi kwa kizazi, bila pengo. Siku ya mwisho ilikuwa leo. Na vitabu vya kanisa ambavyo vingeweza kumsaidia vilikuwa vimelowa katika mafuriko yale yale, vikatupwa barabarani pamoja na mazulia.

Saa kumi na moja na nusu gari la Jackie, binti wa Jerioth, likaingia uani. Alikuwa ametoka kazini hospitalini, bado amevaa nguo zake za unesi, na alikuwa ameshawasha kipasha joto cha kiti cha mbele kwa ajili ya Bi Odessa bila kuambiwa na mtu. Jerioth aliliona hilo, na hata katika aibu yake alifurahi kwamba yeye ndiye aliyemzaa.

"Mbona mmenyamaza hivyo?" Jackie aliuliza kwa Kiswahili walipoanza safari. "Kuna mtu amekufa?"

"Nimeharibu, mwanangu." Jerioth alimweleza kutoka kiti cha nyuma, faili likiwa mapajani. Jackie alisikiliza mpaka mwisho, macho barabarani.

"Mum. Wakala walikuambia nini kuhusu karatasi za mteja?"

"Nisiziguse."

"Ukazipiga pasi!"

"Usinicheke."

"Sicheki. Nalia kwa ndani." Jackie alipunguza sauti ingawa Bi Odessa hakuelewa neno. "Sikia, huko mbele usiseme ni wewe. Mwache aseme zimechanganyika tu. Wakisikia umezigusa, kazi imeisha, na sijui utapata nyingine lini."

Jerioth alimimina chai ya maziwa kwenye kifuniko cha chupa, akampitishia Bi Odessa. Bi Odessa aligeuza uso, akatazama dirishani.

Walipita Corsicana bado kuna giza. Kisha jua likachomoza upande wa kushoto, chini, jekundu, likapiga moja kwa moja kwenye kioo cha Jerioth. Alikuwa ameinua karatasi moja aisome, cheti cha ndoa cha mwaka 1931, na hapo akaona kwenye sketi yake nukta mbili za mwanga, zimekaribiana kama macho ya panya. Akaisogeza karatasi. Nukta zikasogea.

Matundu ya pini.

Alitoa karatasi kwenye plastiki. Akatoa nyingine, ya kuzaliwa, mwaka 1933, akaiweka juu ya ile ya ndoa, akaziegemeza zote mbili kwenye kioo. Giza. Akaisukuma kidogo kushoto, akaizungusha. Giza. Akaigeuza kichwa chini, na mwanga ukapenya mara moja, nukta mbili, kama zilivyokuwa zimebanwa.

"Bi Odessa," alisema. "Wewe ulizaliwa mwaka gani?"

"Wenye akili zao wanaandika mambo hayo kwenye karatasi," Bi Odessa alijibu bila kugeuka.

"Thelathini na tatu. Na mama yako ni Ruth, aliyeolewa thelathini na moja. Ulimbana hapa, pembeni, kichwa chini."

Bi Odessa akageuka kwa shida, mkanda ukimkaba shingoni, akatazama zile karatasi mbili kwenye kioo na zile nukta.

"Nibanie nyingine," alisema.

Hivyo ndivyo walivyoipita nusu ya Texas. Jerioth alitoa, akaoanisha, akageuza, akainua kwenye jua. Palipogoma, aliuliza. Hakuuliza mwaka, maana miaka ilikuwa imemtoka yule mama. Aliuliza nani alimlea nani, nani alipewa jina la nani, nani alipika siku ya msiba. Hayo Bi Odessa alikuwa nayo yote. "Clothilde bibi yangu alipewa jina la bibi yake, mzaa baba," alisema karibu na Madisonville, na Jerioth akasema, "Kwetu pia ni hivyo. Mtoto wa Jackie ni Jerioth," na Jackie akadakia kwa Kiingereza kwamba mtoto huyo ana ukaidi wa jina zima. Bi Odessa alicheka puani. Akachukua ile chai, ingawa ilikuwa imepoa.

Kusini ya Huntsville magari yalisimama. Lori lilikuwa limelala ubavu mbele huko. Saa tatu na nusu. Saa nne. Jackie alipiga usukani kwa kiganja. Dereva wa lori jingine alishuka, akatembea hadi dirishani kwao, akawaambia kuna njia ya pembeni, kisha akalirudisha nyuma dubwana lake lote inchi kwa inchi ili wapate kupita. Jerioth alimpungia mkono mpaka akapotea.

Karatasi zote zilikuwa zimepata wenzake, ila mbili: cheti cha ndoa cha mwaka 1899, Clothilde Tull na mumewe, na barua fupi ya mchungaji ya kumtambulisha bi harusi. Jua lilikuwa limepanda mno sasa, lakini hizi hazikuhitaji jua. Kila moja ilikuwa na alama nene ya kahawia, kutu iliyoingia ndani ya karatasi kama doa la chai, na katikati matundu mapana.

"Hizi nazikumbuka," Jerioth alisema. "Pini yake ilikuwa nyeusi, nene. Niliing'oa kwa kisu cha jikoni."

Bi Odessa alinyoosha mkono nyuma, akaligusa lile doa la kahawia.

"Hiyo haikuwa pini yangu," alisema. "Nilizikuta hivyo, kwenye Biblia ya shangazi. Nadhani ilibanwa siku ile ile ya harusi. Miaka thelathini sikuthubutu kuigusa."

Jerioth aliweka kiganja mdomoni. Pini ya zaidi ya miaka mia moja, na yeye aliichanganya na maganda ya viazi, na lori la takataka lilipita jana jioni.

Ukumbi ulikuwa mdogo, baridi, wenye zulia la kijivu na bendera mbili. Afisa aliyeongoza kikao alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kwenye kamba. Alipoona Bi Odessa anahema alisimamisha kila kitu, akaenda mwenyewe kumletea maji. Upande wa pili alikaa wakili wa kampuni, kijana mwenye adabu na tai nyembamba.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Odessa mtoto wa Ruth: ndiyo. Ruth mtoto wa Clothilde: ndiyo. Na mwisho wa mnyororo pia ulishika, kwa sababu sensa ya mwaka 1870 ilimwonyesha mvulana aitwaye Peter katika nyumba ya Absalom Tull na Clothilde. Lilibaki pengo moja katikati. Wakili alisimama taratibu.

"Mama, pole kwa safari. Katika mtaa ule kulikuwa na Clothilde Tull wawili, umri mmoja. Mmoja binti wa Peter. Mwingine binti wa Amos Tull, ambaye hakuwa ndugu yao; walichukua tu jina la bwana mmoja aliyewamiliki. Bibi yako alikuwa yupi?"

"Wa Peter."

"Cheti cha ndoa hakitaji wazazi."

"Iko barua ya mchungaji."

"Barua inasema 'binti yetu Clothilde, mtoto wa Peter na Lavinia.' Haina tarehe, haina jina la mume. Tunajuaje kwamba ni ya bi harusi huyu, na siyo ya yule mwenzake?"

Bi Odessa alifungua kinywa. Jerioth, nyuma yake, aliona shingo yake ikikakamaa, akajua. Aliijua ile hali: neno limefika mlangoni, mlango haupo. Mikono ya mama mzee ilipapasa karatasi, ikapapasa meza, ikatafuta kitu cha kushika.

"Zilikuwa..." alisema. "Zilikuwa pamoja. Mimi... zilikuwa..."

"Pamoja wapi, mama?"

Saa ya ukutani ilisogea. Afisa alishika kalamu yake bila kuandika. Jackie alimfinya Jerioth mkono, kwa nguvu, na Jerioth alielewa maana yake. Akautoa mkono wake taratibu, akasimama.

"Zilibanwa na pini moja," alisema. Kiingereza chake kilikuwa cha shule ya misheni, polepole, kila neno na nafasi yake. "Mimi ndiye niliyeichomoa. Jana, saa tisa mchana."

"Wewe ni nani?" afisa aliuliza.

"Namtunza Bi Odessa. Sikuruhusiwa kugusa karatasi zake. Niligusa."

Wakili alikuwa ameshageuka. "Kwa hiyo karatasi hizi zimevurugwa. Naomba iandikwe."

"Andikeni," Jerioth alisema. "Nilizivuruga mimi, nikazipiga na pasi. Lakini nimekuwa karani wa kanisa miaka ishirini na sita, na kutu naijua. Pini ya jana inatoboa tu. Pini ya miaka mia inaacha kivuli chake. Hii ilikuwa imegandana na karatasi zote mbili. Niliiondoa kwa kisu."

"Na hiyo pini iko wapi?"

"Niliitupa."

"Uliitupa," wakili alirudia, kwa upole, na upole ule ulichoma zaidi ya matusi.

"Niliitupa. Ningekuwa nadanganya, ningekuja nayo." Alinyoosha kidole kwenye zile karatasi mbili. "Msiniamini mimi. Tazameni karatasi."

Afisa alivaa miwani, akanyoosha mkono, akapewa zile mbili. Hakuridhika na taa ya ukumbi. Aliondoka kwenye kiti chake, akaenda dirishani, viatu vikinong'ona kwenye zulia, akaziweka kwenye kioo moja juu ya nyingine. Alizungusha. Akasogeza. Wakili naye akaenda akasimama nyuma ya bega lake, na vichwa viwili vikainama pamoja.

Jerioth hakuweza kutazama. Alitazama mgongo wa Bi Odessa, mshono ulionyooka wa koti alilojishonea mwenyewe zamani, akaanza kuhesabu misumari ya kiti.

"Kivuli cha kutu kinakutana," afisa alisema akiwa bado dirishani. "Matundu pia. Na kutu ya barua imehamia kwenye cheti, umbo lile lile." Akamgeukia wakili. "Unaona nini wewe?"

Kijana yule alizitazama tena. "Naona zilikaa pamoja muda mrefu," alisema, na Jerioth akamhesabia hilo kuwa wema, kwa sababu angeweza kusema vingine.

Afisa alirudi kitini, akaandika kwa muda. Jina la Bi Odessa lingeingia kwenye orodha ya wanaukoo. Kampuni ilikuwa na siku thelathini za kukata rufaa. Lakini kuanzia leo hakuna jembe litakalogusa makaburi yale bila sahihi ya Bi Odessa.

Nje, kwenye ngazi, Bi Odessa alimshika Jerioth kiwiko.

"Wakala wako wakinipigia," alisema, "nitawaambia nilikuagiza."

"Hukuniagiza, Bi Odessa."

"Basi nitasema sikumbuki. Hiyo ndiyo faida pekee ya ugonjwa huu, na nitaitumia."

Jackie alicheka mpaka akafuta macho, kisha akasema hawezi kurudi Dallas bila kuwaona hao watu walioendewa mbio namna hii.

Kishamba chenyewe kilikuwa kidogo kuliko walivyodhani. Pande tatu ardhi ilikuwa imeshasawazishwa, udongo mwekundu mtupu hadi kwenye barabara kuu. Upande wa nne kulikuwa na mtaro na nyumba ndogo ya mbao. Mawe kumi na moja, mengine yameinama. Walichokishangaa ni majani: yalikuwa yamekatwa. Kuzunguka kila jiwe palikuwa pamefyekwa kwa mkono, kwa uangalifu, mashine isije ikaligonga.

Mzee mmoja alikuja kutoka kwenye nyumba ile akibeba kiti cha plastiki kichwani ili kisilowe mtaroni. Alikiweka mbele ya Bi Odessa, akakifuta kwa kofia, ndipo akasema jina lake. Hollis. Mama yake alikuwa akikata majani hapa, na alipofariki yeye akaendelea. Hapana, hajui ni akina nani wamelala pale. Mama yake alisema tu kwamba si vizuri watu kuotewa na nyasi.

Bi Odessa alikaa. Akaanza kumwonyesha Bwana Hollis mawe kwa kidole: yule pale Absalom, yule Clothilde, na yule wa jiwe dogo lazima ni Lavinia. Alipokosa jina, Jerioth alifungua faili, akamsomea. Bwana Hollis alivua kofia kwa kila mmoja, kana kwamba ndipo wanatambulishwa, na pale kwenye jiwe la Lavinia alisema, "Nimefurahi kukujua, mama," kwa namna ya watu wa kwao, kwa kuinamisha kichwa kidogo tu.

Jua lilipoanza kushuka nyuma ya matingatinga yaliyoegeshwa, Jackie aligusa saa yake. Safari ilikuwa ndefu. Walimwinua Bi Odessa, wakamvusha mtaro, wakamfunga mkanda. Bwana Hollis aliwafuata hadi garini. Aliweka mkono kwenye dirisha lililokuwa wazi na hakuutoa, hata injini ilipowaka.

"Nitakata tena Jumamosi," alisema. "Na Jumamosi ijayo." Alitazama mawe, akamtazama Jerioth, kisha mama mzee. "Si lazima pawe na kikao. Mje tu. Mtakuja tena, eti?"